Wimbo Hufika, Jina Hudondoka Njiani

Tarehe 11 Januari 1992, Paul Simon alipanda jukwaani katika uwanja wa Ellis Park, mashariki kidogo ya katikati ya jiji la Johannesburg. Jirani na uwanja huo ndipo penye Bertrams, mtaa mkongwe wa nyumba fupi za mabati zenye baraza kwa mbele, ambako mkazi hana haja ya tiketi ili ajue leo nani anaimba Ellis Park. Mwezi mmoja kabla, Umoja wa Mataifa ulikuwa umeondoa vikwazo vya kitamaduni vilivyowazuia wasanii wa nje kufanya maonyesho Afrika Kusini, na Simon akawa nyota mkubwa wa kwanza kuingia baada ya mlango kufunguliwa. Si wote waliompigia vigelegele. Ofisi zilizohusika na ziara yake zilishambuliwa kwa milipuko, vyama vya vijana vikapinga, polisi wakajazana, na viti vingi vikabaki vitupu.

Walioingia uwanjani siku ile walikuja kusikia nyimbo za Graceland, albamu ya mwaka 1986 iliyouzwa kwa mamilioni. Wengi hawakujua kwamba safari ya nyimbo hizo ilianza na kaseti moja ya kudurufu, ambayo mwanamke mmoja wa New York alimwazima Simon mwaka 1984. Kaseti ile haikurudi kwa mwenyewe.

Historia ya muziki wa Johannesburg husimuliwa mara nyingi kwa kufuata makampuni, mikataba na vituo vya redio. Kuna njia nyingine: kufuata kitu kidogo kinachoingia mfuko wa shati, yaani kaseti ambayo mtu ameipanga kwa mkono wake, nyimbo anazozipenda yeye, akampa rafiki, na rafiki akampa mwingine. Serikali ya Makaburu iligawa watu kwa rangi, ikagawa mitaa kwa rangi, ikagawa na redio kwa lugha. Kaseti iliipita mipaka yote hiyo. Ila ilikuwa na kasoro moja, nayo tunaishi nayo hadi leo: wimbo hufika, jina hudondoka njiani.

Nyua za mashariki

Johannesburg ilizaliwa mwaka 1886 baada ya dhahabu kuonekana. Miaka mitatu baadaye, Robertson Fuller Bertram akaanzisha mtaa wa viwanja mashariki mwa mji huo mchanga, na mtaa ukachukua jina lake. Jina la mwenye viwanja limedumu zaidi ya karne. Majina ya waliopiga muziki nyuma ya nyumba zake na za jirani yake Doornfontein hayakupata bahati hiyo.

Kufikia miaka ya 1920, upande huo wa jiji ulikuwa na Wayahudi kutoka Ulaya Mashariki, Wahindi, Wachina, machotara na Waafrika waliotoka mashambani kutafuta kazi. Nyuma ya nyumba za barabarani kulikuwa na nyua zenye vyumba vya mabati, kimoja kwa familia nzima, na kodi ya kila mwezi. Wanawake walipika pombe kwa siri, wakifukia madumu ardhini polisi wasiyaone, na mwisho wa wiki waliiuza. Mteja anayekunywa kimya huondoka mapema, kwa hiyo mwenye pombe alikodi mpiga kinanda. Muziki uliopigwa uliitwa marabi: mzunguko wa kodi (chord) tatu unaorudiwa usiku kucha, na juu yake kila mmoja anaimba la moyoni mwake. Mwanaanthropolojia Ellen Hellmann alikwenda kuchunguza maisha ya ua mmoja wa Doornfontein ulioitwa Rooiyard mwanzoni mwa miaka ya 1930. Modikwe Dikobe akaandika riwaya ya maisha hayo, The Marabi Dance, iliyotoka mwaka 1973.

Muziki wenyewe haukurekodiwa, isipokuwa mabaki machache. Makampuni ya santuri hayakuona biashara ndani ya ua wa pombe haramu. Mpiga kinanda alijulikana kwa walevi wa ua wake, na alipohama au kufa, jina lake likaenda naye. Mmoja aliyeponyoka ni Solomon Cele, maarufu kwa jina la Zuluboy, aliyetoka kwenye kinanda cha marabi cha Doornfontein akaunda bendi ya Jazz Maniacs mwaka 1935.

Mwaka 1934 ikapitishwa sheria ya kuondoa makazi duni, na Bertrams ikawa miongoni mwa mitaa ya kwanza kufagiwa. Waafrika walisukumwa kwenda Orlando, mbali kusini-magharibi, eneo ambalo baadaye lingekuwa sehemu ya Soweto. Mahali pao zilijengwa nyumba za Wazungu maskini. Tangu hapo, kwa karatasi za serikali, Bertrams ikawa mtaa wa Wazungu.

Miaka michache baadaye, mwaka 1939, kijana wa Kizulu aitwaye Solomon Linda aliingia studio ya Gallo katika jiji hilohilo na kundi lake la Evening Birds, akarekodi wimbo wa Mbube. Linda alikuwa mfanyakazi wa kampuni hiyohiyo, akipakia santuri ghalani. Haki za wimbo alilipwa shilingi kumi. Santuri yake ikavuka bahari, ikafika kwa Mmarekani Alan Lomax, naye akampa rafiki yake Pete Seeger aisikilize. Kundi la Seeger likauimba, na mwaka 1961 vijana wa The Tokens wakautoa upya kwa maneno ya Kiingereza kuhusu simba aliyelala. Dunia nzima ikaujua. Linda alikufa maskini mwaka 1962, na binti zake walisubiri hadi 2006 kupata makubaliano ya malipo. Hakuna aliyevunja nyumba ya mtu hapo. Rafiki alimpa rafiki santuri nzuri, na katika kupokezana huko mwenye wimbo akasahaulika.

Kiswahili kilifika kabla ya Waswahili

Mfano wa kinyume upo, na unatuhusu sisi. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akisafiri kurekodi muziki wa Afrika kwa msaada wa Gallo, alifika Jadotville huko Katanga, mji unaoitwa sasa Likasi. Huko alimkuta karani mmoja kijana akipiga gitaa kwa vidole viwili kwa ufundi uliomshangaza. Kijana huyo ni Jean Bosco Mwenda. Nyimbo zake, nyingi za Kiswahili, zikatolewa na kampuni ya Johannesburg na kuuzwa hadi Nairobi, ambako wapiga gitaa wa Kenya walikaa na santuri ya wimbo wake wa Masanga wakiirudisha sindano nyuma ili wanase vidole vyake. Bosco mwenyewe akaalikwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1950 kuitangazia dawa ya maumivu ya kichwa.

Kwa nini jina la Bosco halikupotea? Tracey alikuwa mtu wa daftari. Kila wimbo aliouchukua aliuandikia kadi: nani amepiga, wapi, lugha gani, chombo gani. Maktaba aliyoianzisha mwaka 1954 nje kidogo ya Johannesburg ilijengwa juu ya kadi hizo. Mtu anaweza kuuliza, na watu wameuliza, Bosco na wenzake walilipwa kiasi gani. Lakini wa kuuliza habari zake yupo kwa sababu jina lipo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wimbo ni mali.

Huku kwetu Afrika Mashariki tuna kesi yetu ya Malaika. Fadhili William aliurekodi, Adam Salim akadai kuutunga, na aliyeufikisha masikioni mwa dunia ni binti wa Johannesburg, Miriam Makeba, akiwa uhamishoni. Ugomvi wa nani mwenye wimbo umewazika waliogombana, na wimbo ungali unapigwa harusini.

Redio ya kila kabila

Mwaka 1960 shirika la utangazaji la Afrika Kusini lilianzisha Redio Bantu. Wazulu walipewa idhaa yao, Wasotho yao, Waxhosa yao, na kila idhaa ikapewa muziki unaodhaniwa kufaa kabila hilo. Wimbo uliochanganya lugha mbili ulikuwa tatizo. Kabla ya kupigwa, maneno ya nyimbo yalipitiwa na kamati, na santuri isiyotakiwa ilibandikwa karatasi ya onyo au kukwaruzwa kwa chuma kikali pale penye wimbo wenyewe, ili mtangazaji asiweze kuupiga hata akisahau. Mwaka 1966 shirika hilo liliwafungia Beatles baada ya John Lennon kusema wamekuwa maarufu kuliko Yesu.

Kijana wa Johannesburg aliyetaka muziki mpya alizungusha kitufe cha redio hadi Msumbiji. Kutoka mji uliokuwa ukiitwa Lourenço Marques, Maputo ya leo, kituo cha LM kilirusha nyimbo za pop za Uingereza na Marekani kuelekea Afrika Kusini, sauti ikizama na kuibuka kwa mawimbi. Frelimo ilipochukua nchi mwaka 1975, kituo kilizimwa.

Wakati huo chombo kipya kilikuwa kimekwisha kuingia majumbani. Kampuni ya Philips ilionyesha kaseti kwa mara ya kwanza mwaka 1963 mjini Berlin. Miaka ya 1970 redio za kaseti zikashuka bei, kisha zikaja zenye matundu mawili: unaweka kaseti yenye nyimbo upande huu, tupu upande ule, unabonyeza vitufe pamoja. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida akawa na studio, kituo cha redio na kiwanda cha kudurufu juu ya kabati lake.

Kazi ilikuwa na ufundi wake. Kaseti ya dakika 90 ilikupa dakika 45 kila upande, na mpangaji mzuri alipiga hesabu ili wimbo wa mwisho usikatwe shingo. Ukirekodi kutoka redioni ulikaa na kidole juu ya kitufe ukimwombea mtangazaji anyamaze. Ukimaliza, ulivunja vijipande viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti mtu asije akafuta kwa bahati mbaya, na aliyetaka kufuta kwa makusudi aliziba matundu hayo kwa karatasi ya gundi. Utepe ukilegea, uliuzungusha kwa penseli. Jambo la mwisho lilikuwa kile kikaratasi chenye mistari ndani ya kasha. Nafasi ilikuwa finyu, kalamu nene, usiku umekwenda. Wengi waliandika nusu ya jina la wimbo, au neno moja tu: "mseto", "rekodi ya kaka", "nzuri". Aliyedurufu kutoka kwako hakuandika kitu kabisa.

Mtu aliyesikika na asiyejulikana

Hakuna kisa kinachoonyesha jambo hili kama cha Sixto Rodriguez. Alitoa albamu ya Cold Fact huko Marekani mwaka 1970, na haikununuliwa. Mwaka uliofuata ikatoka Afrika Kusini, na huko ikashika moto, hasa kwa vijana wa Kizungu, wakiwamo walioandikishwa jeshini kwa lazima. Katika kambi na mabweni kaseti zake zilidurufiwa hadi sauti ikachakaa. Kila mtu alijua maneno, lakini mwimbaji hakuna aliyemjua. Uvumi ukasema alijiua jukwaani. Kumbe yuko Detroit anabomoa na kukarabati nyumba, wala hana habari kwamba kuna nchi inayomwimba. Mashabiki wawili, Stephen Segerman na mwandishi Craig Bartholomew-Strydom, walimsaka hadi wakampata mwaka 1997, na Machi 1998 akaja kuimba mbele ya maelfu waliodhani ni marehemu. Filamu ya Malik Bendjelloul juu ya msako huo ilishinda Oscar mwaka 2013.

Kisa hiki hupendwa kwa sababu mwisho wake ni mtamu. Lakini hebu tuhesabu: zaidi ya miaka 25 wimbo ulikuwa nchini na mwenyewe hayupo, hata kwa jina la uhakika.

Bendi iliyoitwa Uhuru

Mwaka 1979 vijana wanne wa Johannesburg waliunda bendi ya panki iliyoitwa National Wake. Ivan Kadey alikuwa Mzungu. Ndugu wawili, Gary na Punka Khoza, walitoka Soweto. Waliishi nyumba moja katika mtaa wa Parktown, jambo ambalo peke yake lilikuwa kosa la jinai, na polisi hawakuchoka kupiga hodi. Albamu yao ya mwaka 1981 ilipata shinikizo la serikali mapema, na inasemekana ziliuzwa nakala 700 hivi kabla haijatoweka madukani. Kufikia 1982 bendi ilikuwa imevunjika. Kilichobaki kilibaki kwa watu walioihifadhi na kuidurufu, hadi mwaka 2013 ilipotolewa upya Marekani. Ndugu wa Khoza hawakuiona siku hiyo. Walikuwa wamekwisha kufariki.

Kadey, kabla ya kuhama nchi, alishirikiana na Lloyd Ross kuanzisha studio ndani ya karavani ya kuvutwa na gari. Ndiyo mwanzo wa Shifty Records, kampuni iliyoleta roki huru ya Afrika Kusini, ile isiyongoja ruhusa ya kampuni kubwa. Karavani ikavutwa hadi Maseru, Lesotho, mwaka 1983, kurekodi bendi ya Frank Leepa. Bendi hiyo ilikuwa ikiitwa Uhuru. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa kwa nini polisi wa Afrika Kusini hawakuipenda. Walikuwa wamekwisha kuifukuza nchini, na ilipojipanga upya ikajiita Sankomota. Baada yake Shifty ikarekodi kwaya za wafanyakazi wa vyama, mashairi ya Mzwakhe Mbuli ambayo serikali iliyapiga marufuku, na James Phillips aliyewakejeli Makaburu kwa Kiafrikana chao wenyewe. Nyimbo zisizopigwa redioni zilitembea kwa kaseti.

Januari 1985, Ellis Park ikafurika kwa tamasha la kuchangia shirika la Operation Hunger, lililolisha wenye njaa. Walikuja watu zaidi ya laki moja, weusi kwa weupe, katika uwanja uliozungukwa na mitaa ya Wazungu. Hotline ya PJ Powers walipiga, Ella Mental walipiga, eVoid na Via Afrika walipiga. Kwa mtu wa Bertrams aliyekuwa akisikia mitaani kwake raga na mahubiri ya Jumapili, ilikuwa kama kaseti ya mseto imepewa uwanja mzima. Miezi sita baadaye, Julai 1985, serikali ikatangaza hali ya hatari, na askari wakaingia mitaani.

Hata hivyo masikio yalikuwa yamefunguka. Mwaka 1987 bendi ya Bright Blue ya Cape Town ilitoa Weeping, wimbo wa pop uliotungwa na Dan Heymann wakati anatumikia jeshi kwa lazima. Ndani yake yalijificha mahadhi ya Nkosi Sikelel' iAfrika, wimbo wa wapigania uhuru. Wakaguzi walisoma maneno, hawakusikiliza kinanda, na redio ya serikali ikaupandisha hadi namba moja.

Kaseti ya New York

Sasa turudi kwa ile kaseti ya 1984. Mwenye nayo aliitwa Heidi Berg, mwimbaji na mtunzi kijana wa New York. Ilikuwa kaseti ya kudurufu, yenye muziki wa dansi wa vitongoji vya Johannesburg: kodiani, saksafoni na gitaa, bila kuimba. Berg aliipenda kiasi cha kutaka kurekodi albamu yake kwa mahadhi hayo, na alitarajia Simon awe prodyuza wake. Akamwazima asikie anachokitaka. Simon akaiweka garini, akaisikiliza wiki kwa wiki, na mwisho akaamua kwenda mwenyewe. Kwa simulizi ya Berg, hakurudishiwa kaseti na urafiki ukaishia hapo.

Simon naye alikuwa na kitendawili: ni nani hawa wanaopiga? Kikaratasi hakikusaidia. Kampuni yake ikamwuliza Hilton Rosenthal, prodyuza wa Johannesburg, naye akazitambua sauti. Mmoja wa nyimbo hizo ulikuwa Gumboots wa Boyoyo Boys. Kundi hilo halikuwa geni kwa mikasa ya namna hii. Mwaka 1983 Mwingereza Malcolm McLaren alipata umaarufu kwa wimbo wa Double Dutch, nao Boyoyo Boys wakadai umejengwa juu ya Puleng, wimbo wao. Shauri lilimalizwa nje ya mahakama.

Februari 1985, mwezi mmoja baada ya tamasha la Ellis Park, Simon na fundi mitambo wake Roy Halee walitua Johannesburg, wakaingia studio ya Ovation kwa wiki mbili. Aliwalipa wapigaji mara tatu ya kiwango cha chama cha wanamuziki wa New York, fedha ambazo studio za Johannesburg hazikuwahi kuziota. Bakithi Kumalo akapiga besi isiyo na vizuizi, ile inayoteleza kama mtu anayezungumza. Ray Phiri wa Stimela akapiga gitaa, Isaac Mtshali ngoma. Forere Motloheloa wa Lesotho akavuta kodiani inayofungua albamu. Na majina yakaandikwa: Motloheloa katika The Boy in the Bubble, General M.D. Shirinda katika I Know What I Know, Johnjon Mkhalali na Lulu Masilela katika Gumboots yenyewe.

Waliomlaumu Simon walikuwa na hoja. Alivuka vikwazo bila kuiuliza ANC, wakati watu wanakufa mitaani. Waliomtetea nao walikuwa na hoja: wapigaji walilipwa, walitajwa, wakazunguka dunia. Mimi nauona upande wa tatu. Kaseti iliyopotea mikononi mwa Simon ilikuwa haina majina, naye akalazimika kuyatafuta. Angeridhika na kuiga tu, tungekuwa na Mbube ya pili. Berg, aliyeianzisha safari yote, jina lake likaja kujulikana kwa wengi miaka mingi baadaye, kwa sababu kulikuwa na watu waliokwenda kumuuliza.

Bertrams ya leo

Miaka ya 1980 Wazungu walianza kuhama mitaa ya mashariki, na familia za Waafrika zikaanza kuingia kabla sheria haijaruhusu. Sheria ya kugawa makazi kwa rangi ilifutwa mwaka 1991. Bertrams ikarudia hali ya miaka ya 1920: kila mtu yuko. Wareno waliotoka Madeira na Msumbiji walibaki wachache. Wakaja Wazimbabwe, Wamalawi, Wanigeria, na Wakongo waliokimbia vita kutoka Bukavu, Uvira na Lubumbashi. Hivyo Kiswahili kilichofika Johannesburg mwaka 1952 ndani ya santuri kikaja sasa na miguu yake.

Haikuwa neema tupu. Mei 2008 vurugu dhidi ya wageni zilianza Alexandra zikafika mitaa ya mashariki, na maelfu wakalala katika uwanja wa kituo cha polisi cha Jeppe. Waliorudi walirudi kwa sababu hapakuwa na pengine.

Kaseti imekwenda zake, lakini mpangaji wa nyimbo yupo. Ni kijana wa duka la kutengeneza simu, mezani kwake kompyuta yenye ufa na chano la flashi. Unamlipa, anakujazia: Fally Ipupa, Brenda Fassie, bongo fleva, amapiano, injili ya Lubumbashi, na ukimwomba, roki pia. Utaalamu wake ni uleule wa kujua kipi kifuate kipi. Ukifungua flashi nyumbani unakuta faili zinaitwa "Track 07", "mixi kali mpya", au zile herufi na tarakimu ambazo WhatsApp huubatiza kila wimbo unaopita ndani yake. Wimbo uliopokezanwa na simu nne umefutwa jina mara nne. Kikaratasi cha kasha angalau kilikuwa na mistari iliyokukumbusha kwamba kuna kitu cha kuandika.

Ndiyo maana ninapomwandalia mtu nyimbo za Johannesburg siku hizi, humpa na orodha. Ya karibuni ilikwenda hivi. International News, National Wake: Ivan Kadey, Gary Khoza, Punka Khoza, Steve Moni. Kisha Sankomota, gitaa na utunzi ni Frank Leepa. Hey Boy, Via Afrika. Weeping, Bright Blue, mtunzi Dan Heymann. Gumboots, nakala ya Boyoyo Boys wenyewe, siyo ya Simon. Masanga, Jean Bosco Mwenda, Jadotville, 1952. Mwisho Lakeside ya BLK JKS, vijana wa Johannesburg walioipeleka roki huru hadi Marekani mwaka 2009: Lindani Buthelezi, Mpumi Mcata, Molefi Makananise, Tshepang Ramoba.

Aliyepokea akaniambia orodha ni ndefu kuliko nyimbo. Ni kweli. Kuituma kunagharimu dakika chache za kuandika, ambazo Lomax, Seeger, mdurufu wa Cold Fact na aliyejaza kaseti ya Heidi Berg wote walikuwa nazo. Linda alihitaji dakika hizo kuliko shilingi kumi. Anayegawa nyimbo za watu bila majina yao anagawa mali isiyo yake, hata akiwa na nia njema, na dawa yake ni kalamu.